Bombay, mfuata nyayo wa njia ya Tabora

Kila timu ina mtu wa kukata umeme katikati, halafu kombe ananyanyua mwingine. Sidi Mubarak Bombay alikuwa mtu huyo.

Alikuwa Myao. Aliuzwa Zanzibar akiwa mtoto, akapelekwa India, akarudi huru baada ya bwana wake kufariki. Mwaka 1857 alitinga Tabora, enzi hizo ikiitwa Kaze, na msafara wa Burton na Speke. Kihindi alichojifunza utumwani ndicho walichoelewana na Speke. Akambebea bunduki porini, wakifuata nyayo za wanyama.

Mwaka 1871 aliyetafutwa alikuwa mtu: Stanley alimtaka Livingstone. Mirambo alikuwa ameifunga njia ya Ujiji. Bombay, nahodha wa walinzi, akazunguka kusini na msafara, huku wakiwauliza habari waliotoka magharibi. Novemba wakampata.

Jina likawa la Stanley. Bombay hakutundika daluga: alivuka bara na Cameron hadi Atlantiki, mwaka 1875. Alifariki 1885, akiwa na medali ya fedha na pensheni kutoka kwa wanajiografia wa London.