Amir Habib Jamal (1922–1995)

Amir Habib Jamal alizaliwa Mwanza mwaka 1922 katika familia yenye asili ya Kihindi. Alisomea biashara na uchumi katika Chuo Kikuu cha Calcutta, wakati Wahindi walipokuwa wakidai uhuru wao. Aliporudi Tanganyika aliingia katika siasa.

Mwaka 1958 ulianza uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpigakura alilazimika kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. (Mtahiniwa, utaratibu huu uujue vizuri.) Jamal aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria akiungwa mkono na TANU, na Julai 1959 akawa waziri. Baada ya hapo alikuwa mbunge wa Morogoro kwa miaka mingi.

Mwaka 1965 Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alishindwa katika uchaguzi, na Mwalimu Nyerere akampa Jamal wizara hiyo. Kazi ilikuwa kubwa. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 1966, na nchi ikaanza kutoa shilingi yake yenyewe. Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, benki za kigeni kama Barclays na Standard zilitaifishwa na Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa. Ilibidi pia serikali ijadiliane na wenye benki hizo kuhusu fidia.

Lakini kujitegemea nako kulihitaji fedha, na hapa Bonde la Kilombero ni mfano mzuri. Reli ya TAZARA, inayopita Mang'ula, Ifakara na Mlimba, ilikataliwa na nchi za Magharibi na Benki ya Dunia, ikajengwa kuanzia 1970 kwa mkopo wa China usio na riba. Bwawa la umeme la Kidatu, lililo jirani kabisa, lilipata mikopo ya Benki ya Dunia na Sweden. Serikali ilikopa mashariki na magharibi kwa wakati mmoja, jambo ambalo wanafunzi wengi hulisahau wanapoeleza siasa ya kutofungamana na upande wowote.

Jamal alihamia Biashara na Viwanda mwaka 1972, akarudi Fedha 1975, kisha akaenda Mawasiliano na Uchukuzi 1977. Nafasi yake Fedha ilichukuliwa na Edwin Mtei, aliyekuwa Gavana wa kwanza wa Benki Kuu. Msiwachanganye hawa wawili. Vita vya Kagera na bei ya mafuta vilipomaliza fedha za kigeni, Mtei alikubali ushauri wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wa kushusha thamani ya shilingi. Mwalimu alikataa, Mtei akajiuzulu mwishoni mwa 1979, na Jamal akarudishwa Fedha.

Mwaka uliofuata, 1980, Jamal aliongoza mkutano wa mwaka wa IMF na Benki ya Dunia mjini Washington. Yaani waziri wa nchi iliyokuwa ikivutana na IMF ndiye aliyekalia kiti cha mwenyekiti! Kiti hicho hakikulegeza masharti. Makubaliano ya mkopo ya mwaka huo yalivunjika mapema, na Tanzania haikuafikiana tena na IMF hadi 1986, chini ya Rais Mwinyi.

Wakati huo Jamal hakuwa tena waziri. Aliondoka Fedha 1983, akaiwakilisha Tanzania katika Umoja wa Mataifa mjini Geneva kuanzia 1985. Alifariki Vancouver, Kanada, Machi 1995.