Jenerali John Monash: Mhandisi Aliyesoma Akiwa Kazini

Wahenga wametuachia usemi kwamba mshika mawili moja humponyoka. Usemi huo una kweli yake, nao humvunja moyo askari atokaye zamu ya usiku na kufungua kitabu cha hesabu chini ya taa ya kambini. Hata hivyo, maisha ya Jenerali John Monash wa Australia yanatuonyesha kwamba mtu aweza kuyashika mawili, hata matatu, maadamu ajue kuzigawa saa zake na akubali kulipa gharama yake.

Monash alizaliwa tarehe 27 Juni 1865 mjini Melbourne. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia huko kutoka Prussia, na baba yake alikuwa mwenye duka asiye na utajiri. Kijana huyo alijaliwa akili ya hesabu, akamaliza shule ya sekondari akiwa wa kwanza katika somo hilo. Mwaka 1882 aliingia Chuo Kikuu cha Melbourne.

Hapo ndipo alipojikwaa. Mafunzo ya darasani yalimchosha, akapendelea kujisomea apendavyo maktabani na kwenda kutazama michezo ya kuigiza. Mwaka ulipokwisha, alishindwa mitihani. Aibu ile ilimzindua, naye akaanza kusoma kwa bidii. Mwaka 1884 alijiunga na kombania ya wanafunzi katika jeshi la hiari, na huo ukawa mwanzo wa uaskari wake.

Kisha msiba ukabisha hodi. Mwaka 1885 mama yake alifariki kwa ugonjwa wa saratani. Biashara ya baba ilikuwa imedhoofika, na nyuma yake walikuwapo dada wawili wadogo. Shahada ikaachwa njiani. Monash aliajiriwa katika ujenzi wa Princes Bridge, daraja kubwa livukalo mto Yarra mjini Melbourne. Mwaka 1888, kabla hajatimiza umri wa miaka 23, alikabidhiwa usimamizi wa ujenzi wa njia ya reli katika viunga vya mashariki ya mji huo. Wakati huo alikuwa pia luteni katika kikosi cha mizinga ya ulinzi, ambako alianza kutumikia mwaka 1887.

Itazame hali yake, ndugu msomaji. Mchana aliongoza vibarua na kupima ardhi. Baada ya kazi alikuwa na wajibu wa kikosi. Na bado hakuwa na cheti cha uhandisi mkononi. Mtu mwingine angeridhika na mshahara. Monash alivirudia vitabu wakati reli ile ile ikiendelea kujengwa. Mwaka 1891 alitunukiwa shahada ya uhandisi pamoja na tuzo ya masomo, miaka 9 tangu alipokanyaga chuoni mara ya kwanza. Mwaka 1893 alipata shahada ya pili ya uhandisi, na mwaka 1895 akapata shahada za sanaa na sheria.

Aliwezaje? Kwake, kazi na masomo hayakuwa maadui. Hesabu za nguvu ya boriti alizozisoma kitabuni alikuwa ameziona zikibeba uzito wa kweli darajani. Ugomvi wa mikataba alioushuhudia kwenye reli ulimfundisha kwa nini mhandisi aijue sheria. Na hesabu ni hesabu, iwe ya nguzo au ya mzinga.

Lakini tusiifiche gharama. Mwaka wa shahada yake ya kwanza alimwoa Hannah Victoria Moss. Mwaka 1894, uchumi ulipoporomoka, alipunguzwa kazi bandarini, na mwaka huo huo mkewe aliondoka nyumbani kwa miezi kadhaa kabla hawajapatana tena. Asomaye akiwa kazini asidhani kwamba saa anazozikopa ni zake peke yake. Nyingine ni za mke na watoto, nao hulidai deni lao.

Wala shahada hazikumkinga na mikasa. Pamoja na mshirika wake alianza kujenga madaraja ya zege lililotiwa chuma, jambo lililokuwa geni wakati ule. Mwaka 1901 daraja moja la Bendigo lilivunjika lilipokuwa likijaribiwa, na mtu mmoja akafa. Walilijenga upya kwa fedha zao wenyewe, na madeni yakamwandama Monash kwa miaka.

Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914, alipewa uongozi wa Brigedi ya 4 ya Australia. Huko Gallipoli mwaka 1915 brigedi yake ilipoteza watu wengi, naye akajifunza kwamba ushujaa usio na mpango humaliza askari bure. Mwezi Mei 1918 aliteuliwa kuliongoza jeshi zima la Waaustralia nchini Ufaransa. Tarehe 4 Julai alishambulia kijiji cha Hamel. Aliipanga kazi hiyo kama mhandisi apangavyo ujenzi: mizinga, vifaru 60, ndege na askari wa miguu, kila kimoja kwa dakika yake. Vifaru vya mizigo vilipeleka vifaa mbele, na ndege zikaangusha risasi kwa miavuli. Alikadiria dakika 90. Kazi ilikwisha kwa dakika 93. Yule aliyejifunza kuigawa siku baina ya reli, kikosi na kitabu, sasa aligawa dakika ambazo uhai wa watu ulizitegemea. Tarehe 12 Agosti Mfalme George wa Tano alimvika heshima ya usir huko huko Ufaransa.

Vita vilipokwisha, Monash alisimamia kuwarudisha kwao Waaustralia wapatao 160,000. Meli zilikuwa chache na kungoja kulikuwa kurefu. Badala ya kuwaacha wakae bure, aliunga mkono mpango uliowawezesha maelfu kusoma na kujifunza ufundi wakiwa bado wamevaa sare. Alijua thamani ya saa asomayo mtu aliye kazini.

Nyumbani aliongoza shirika la umeme la jimbo la Victoria tangu mwaka 1921 hadi kufa kwake, na kutoka machimbo ya makaa ya Yallourn umeme ukafika Melbourne. Mwaka 1923 polisi wa mji huo walipogoma na ghasia kuzuka, yeye ndiye aliyeombwa kuunda kikosi cha muda cha kulinda raia, na baadaye aliongoza tume iliyochunguza chanzo cha mgomo huo. Mwaka ule ule alifanywa makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Melbourne, chuo kile kile kilichomwangusha katika mtihani wa kwanza.

Alifariki tarehe 8 Oktoba 1931, na umati mkubwa ukamsindikiza kaburini. Mwaka 1958 chuo kikuu kipya kiliundwa na kupewa jina lake.

Basi askari mwenzangu, ukikunja kitabu leo kwa sababu zamu imekuita, weka alama pale ulipofika. Monash aliacha masomo kwa sababu ya msiba na riziki, lakini alikumbuka mahali alipoishia, akarudi.