MAISHA YA MAREHEMU J. M. KARIUKI WA GILGIL

Nilipoambiwa niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani, wenzangu walidhani nitamtafuta mtu wa mbali. La! Mimi nimemchagua jirani. Ukipanda matatu hapa Nakuru kuelekea Nairobi, kabla hujafika Naivasha utapita Gilgil. Huko ndiko alikozikwa Josiah Mwangi Kariuki, ambaye wakubwa kwa wadogo walimwita JM tu.

JM alizaliwa tarehe 21 Machi 1929 huko Kabati-ini, upande wa Bahati, si mbali na mji wetu. Wazazi wake walikuwa wametoka Nyeri kuja kutafuta riziki, wakawa maskwota katika shamba la mzungu. Skwota, kwa wale wasiojua, aliruhusiwa kulima kipande kidogo na kufuga vimbuzi vyake, kwa sharti kwamba amfanyie kazi mwenye shamba kwa mshahara wa kijungu meko. Baba wa hali hiyo, hata awe na mapenzi kiasi gani kwa mwanawe, karo ataitoa wapi? Basi JM akaanza shule, akaacha, akarudi kufanya kazi shambani. Mwaka wa 1946 bahati ikamwangukia. Alipata pesa katika mashindano ya farasi, akazilipia masomo. (Walimu, msidhani nawafundisha wenzangu kamari!) Mwaka wa 1950 alimaliza shule ya msingi, kisha akavuka mpaka hadi King's College Budo, kule Uganda.

Aliporudi nyumbani, Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa, Oktoba 1952. JM alikula kiapo cha Mau Mau, na huku akiendesha hoteli yake ndogo hapa Nakuru alikuwa akiwatafutia wapiganaji pesa, viatu na mahali pa kulala. Mwaka wa 1953 askari walimkamata. Alikaa kizuizini miaka saba, akihamishwa kambi hata kambi, mara Manyani, mara kisiwa cha Saiyusi katika Ziwa Victoria. Huko ndani alifanya jambo ambalo mimi hulistaajabia kuliko yote: aliandika barua. Alizipenyeza hadi Uingereza kwa wabunge, akieleza jinsi wafungwa wanavyoteswa. Alichapwa vibaya kwa sababu ya barua hizo, lakini akapona akaandika nyingine. Aliachiliwa mwaka wa 1960, na mwaka wa 1963 kitabu chake kiitwacho Mau Mau Detainee kikatoka.

Baada ya hapo mambo yalimnyookea. Akawa mwandishi wa siri wa Mzee Jomo Kenyatta, akawa mbunge, halafu waziri msaidizi. Alinunua shamba Gilgil, akapata mali, na farasi hakuacha kuwapenda. Hapa sitamficha mtu: JM alikuwa tajiri, na wako waliouliza tajiri anawezaje kuwasemea maskini. Swali hilo si baya. Lakini mtoto wa skwota hakusahau alikotoka. Katika harambee alitoa bila kuhesabu, na bungeni alilalamika kwamba mashamba ya wazungu yanaishia mikononi mwa wakubwa wachache. Alionya kuwa tukiendelea vile, watu wa kuhesabika kwa vidole watakuwa na kila kitu, na mamilioni watakuwa ombaomba. Wakubwa hawakufurahi. Mikutano yake ilinyimwa vibali. Hata hivyo, katika uchaguzi wa 1974 watu wa Nyandarua Kaskazini walimrudisha bungeni.

Sasa nifike mahali penye uchungu. Jumapili tarehe 2 Machi 1975, JM alionekana katika hoteli ya Hilton jijini Nairobi, akatoka na maofisa wa usalama. Nyumbani hakurudi. Kesho yake mchungaji mmoja wa Kimaasai alikuta maiti katika vilima vya Ngong, imepigwa risasi. Ilipelekwa mochari ya Nairobi, ikawekwa huko kama maiti ya mtu asiye na jina. Na wakati huohuo, gazeti moja likaandika ati JM yuko Zambia!

Mwenzangu, hebu tua hapa kidogo. Tumezoea kusoma habari hii kama mambo ya siasa, lakini JM alikuwa na wake watatu na watoto. Fikiria uko bweni, unasikia baba yako hajulikani aliko. Halafu gazeti linakwambia amesafiri. Je, hungeamini? Mimi ningeamini. Ningeanza hata kuhesabu siku za yeye kurudi na zawadi. Kumbe baba amelala kwenye baridi ya mochari, kilomita chache tu kutoka mahali wanapomtafuta. Tarehe 11 Machi ndipo jamaa zake walipoingia mle na kumtambua. Siku tisa! Mtoto aliyefiwa hulia, akazika, akaanza kuzoea taratibu. Lakini aliyedanganywa kwanza ataanzia wapi?

Wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana. Bunge liliunda kamati chini ya Elijah Mwangale, nayo ikatoa ripoti yake Juni 1975, ikiwataja watu waliostahili kuchunguzwa zaidi. Hakuna hata mmoja aliyehukumiwa. Miaka mingi baadaye, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ililiangalia tena suala hilo, na ripoti yake ya 2013 imemtaja JM pamoja na Pio Gama Pinto, Tom Mboya na Robert Ouko. Hata hapo hakuna kesi iliyofuata.

Mmoja wa binti zake, Rosemary Kariuki-Machua, alikua akaandika kitabu kizima kuhusu kumtafuta aliyemuua baba yake. Alikipa jina I Am My Father's Daughter, yaani, mimi ni binti wa baba yangu. Baba aliandika barua kizuizini ili ukweli utoke nje ya seng'enge, na binti naye akashika kalamu kwa sababu iyo hiyo. Kila tarehe 2 Machi bado wako watu Gilgil wanaomtaja JM, na swali lao ni lile lile la 1975.