Habari za Ayubu, Mtu wa Nchi ya Usi

Jina la Ayubu lajulikana sana katika pwani yetu, toka Moa hata Pangani, wala si kwa Wakristo tu. Jirani zetu Waislamu humhesabu miongoni mwa manabii. Kurani yamtaja katika sura nne, na washairi wa Kiswahili wa zamani walimtungia utenzi, ambao Alice Werner aliutoa kwa chapa huko London mwaka 1921 na iliyofuata. Katika utenzi huo mkewe amhudumia kwa uaminifu. Katika kitabu cha Kiebrania mke huyo anena mara moja tu, kwa uchungu, basi. Kwa hiyo twaona vema kueleza jinsi Waebrania walivyomsimulia.

Ayubu hakuwa Mwisraeli. Wengi hudhani Usi ilikuwa upande wa Edomu, kusini ya Bahari ya Chumvi, maana Maombolezo yazitaja pamoja, na rafiki yake Elifazi alitoka Temani, ndiko Edomu. Mali yake ilikuwa mifugo: kondoo 7,000, ngamia 3,000, jozi 500 za ng'ombe, na punda majike 500. Hakuwa na kuhani. Alitoa sadaka mwenyewe kwa ajili ya watoto wake, kama ilivyokuwa siku za Ibrahimu. Lakini kitabu chenyewe, wasema wataalamu wengi, kiliandikwa baadaye sana, kati ya miaka 600 na 300 kabla ya Kristo. Na Wababeli walikuwa wamekwisha kuandika katika vibao vya udongo habari za mwenye cheo aliyeteswa bila kujua kosa lake.

Siku moja Waseba waliteka ng'ombe na punda, moto ukateketeza kondoo, Wakaldayo wakachukua ngamia, upepo ukaangusha nyumba juu ya watoto wake kumi. Kisha yakamjia majipu, akaketi majivuni akijikuna kwa kigae. Rafiki zake watatu walikaa naye siku saba bila kusema neno, na kwetu sisi hiyo ndiyo kazi yao njema kuliko zote. Maana walipofumbua vinywa walimshurutisha aungame dhambi asiyoitenda. Jambo hili twalijua: mgonjwa akilala siku nyingi, wako wajao kumwangalia huku wakiuliza moyoni amemkosea nani.

Ayubu alikataa katakata, akamtaka Mungu mwenyewe ajibu. Mungu akajibu katika upepo wa kisulisuli, wala hakumweleza sababu. Habari ya Shetani kusimama mbele za Mungu twaisoma sisi, Ayubu hakuambiwa. Bali waliokemewa ni wale rafiki, wakaamriwa kuleta ng'ombe 7 na kondoo waume 7, naye Ayubu awaombee.

Akarudishiwa mifugo maradufu. Watoto wa kwanza hawakurudi. Alizaa wengine, wana 7 na binti 3, akawapa binti urithi pamoja na ndugu zao, jambo la nadra siku zile. Akaishi tena miaka 140. Kaburi lake laonyeshwa mahali zaidi ya pamoja: Haurani katika Shamu, na mlimani juu ya Salala katika Omani, nchi ambayo majahazi yake yalikuwa yakija Tanga kwa pepo za kaskazi.