J.M. KARIUKI, JAMAA WA CHINGA

Watakaouliza mtu wa Pwani ana nini na mwanasiasa wa Bara, nawaomba radhi. Mimi kila nifikapo Nyeri, nikisha kuswali msikitini Majengo, fikira zangu huelekea Chinga, upande wa Othaya, ilikotoka jamaa ya marehemu Josiah Mwangi Kariuki, ambaye nchi nzima ilimwita J.M. tu.

Kuzaliwa hakuzaliwa Chinga. Alizaliwa 1929 katika Bonde la Ufa, ambako wazee wake walihamia wakawa maskwota katika ardhi ya Wazungu. Neno hilo skwota halihitaji tafsiri kwa mtu wa Kilifi wala Malindi. Mwenye kukulia mahali ambapo babake aweza kufukuzwa wakati wowote hujua thamani ya kishamba, na nionavyo mimi, siasa zake zote zilitoka hapo.

Alisoma Nyeri na Uganda, na mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, Serikali ya Kiingereza ikamtia kizuizini. Alikaa miaka saba, akihamishwa kambi hata kambi. Mojawapo ilikuwa Manyani, ile tuipitayo sisi sote twendapo Nairobi kutoka Mombasa. Humo kambini alikuwa akiandika barua za mashtaka na kuzipenyeza nje kwa siri hadi London, zikawafikia Wabunge wa Uingereza. Alipigwa kwa ajili ya barua hizo, na akaandika nyingine. Habari za miaka ile alizitia katika kitabu chake kilichotoka 1963.

Alipofunguliwa alimwendea Mzee Kenyatta, naye yungali kizuizini, kumtaka idhini ya kufungua tawi la KANU Nyeri. Baadaye akawa katibu wake. Baada ya Uhuru alikuwa Mbunge wa ng'ambo ya pili ya milima, Nyandarua, akashiriki kuiongoza Huduma ya Vijana kwa Taifa, kisha akawa Waziri Mdogo.

Tusimfanye walii. Alikuwa tajiri, mwenye mashamba na farasi wa mashindano, na michezo ya kamari aliipenda. Lakini mkono wake ulikuwa wazi katika harambee, na ulimi wake haukukubali kufungwa. Alisema hadharani kwamba ardhi iliyopiganiwa na maskini imeangukia mikononi mwa wachache, na usemi wake juu ya matajiri kumi na mafukara milioni kumi ulifika hata barazani kwetu. Huku wazee walishangaa kumsikia mtu wa huko, tena Mkikuyu, akisema maneno waliyodhani ni kilio cha Pwani peke yake.

Wakubwa walianza kumnyima ruhusa ya kufanya mikutano. Katika uchaguzi wa 1974 alizuiwa kuhutubia, na wananchi wakamchagua vivyo hivyo.

Jumapili, tarehe 2 Machi 1975, alionekana katika hoteli ya Hilton, Nairobi, akatoka pamoja na mkuu wa kikosi cha GSU. Hakurudi. Maiti yake iliokotwa na mchungaji wa Kimasai kwenye vilima vya Ngong, ikakaa siku kadha katika chumba cha maiti bila ya kutajwa jina, huku gazeti moja likiandika kuwa yuko Zambia. Ni wakeze waliokwenda wakamtambua. Alikuwa bado hajatimiza miaka 46.

Bunge liliunda kamati chini ya Bwana Elijah Mwangale. Ripoti ilitolewa mwezi wa Juni, baada ya majina mawili ya watu wa karibu na Ikulu kuondolewa. Waziri Masinde Muliro aliipigia kura ripoti hiyo, na pamoja naye Mawaziri Wadogo John Keen na Peter Kibisu. Wote watatu wakaachishwa kazi. Kwa mauaji yenyewe hakuna hata mmoja aliyehukumiwa.

J.M. alizikwa Gilgil, katika Bonde lile lile la Ufa ambalo wazee wake waliliingia bila ya kumiliki hata shubiri moja ya ardhi.