Abbas bin Firnas, mtu wa Qurtuba aliyeruka kwa mbawa alizojiundia



Mzazi mmoja wa Pemba ametuletea swali juu ya kijana wake anayefanya kazi Malolo, wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi. Kijana ameunda mbawa za mianzi na turubai, ndege ndogo isiyo na injini, na anataka kuijaribu kwa mara ya kwanza kwa kuruka nayo kutoka kilimani. Mzazi anauliza kama huko si kujitia katika maangamizi. Anauliza pia juu ya baadhi ya jamaa wanaonong'ona kuwa mambo kama haya hayatoki kwenye akili ya mtu bila ya msaada wa majini.

Yote mawili yamewahi kumfika Muislamu mmoja zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kwa hiyo tumeona tuanze na habari zake.

Abbas bin Firnas alizaliwa kiasi cha mwaka 810 Miladia katika nchi ya Ronda, kusini mwa Andalus, katika ukoo wa Kibarbari. Maisha yake mengi yalipita Qurtuba, mji mkuu wa Bani Umayya, na aliwatumikia watawala watatu waliofuatana: al-Hakam, kisha mwanawe Abdurrahman, kisha mjukuu wake Muhammad. Alikuwa mshairi, mjuzi wa nyota na fundi wa mikono, watu watatu katika kanzu moja.

Kitabu cha elimu ya aruudhi, yaani mizani ya mashairi, cha al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, yule bingwa wa lugha mwenye asili ya Oman, kilipofika Qurtuba hakuna aliyekifahamu. Ibn Firnas alikaa nacho mpaka akakifumbua, akawasomesha wengine. Alijua kutengeneza kioo kutokana na mawe. Alijua pia kuchonga jiwe la bilauri (ndilo neno lile lile tunaloitia bilauri ya kunywea maji), kazi ambayo kabla yake watu wa Andalus walilazimika kuipeleka Misri. Alimuundia mtawala saa ya maji ili nyakati za swala zijulikane hata usiku na siku za mawingu. Na ndani ya nyumba yake alitengeneza mfano wa mbingu, na wageni wakiona nyota, mawingu, umeme, na kusikia ngurumo.

Mtu wa namna hii hakosi maneno nyuma yake. Alishitakiwa kwa uzandiki na uchawi, akafikishwa mbele ya kadhi wa Qurtuba. Imepokelewa kuwa miongoni mwa mashahidi walikuwemo waliosema wamemsikia akitamka mafaail, mafaail, wakadhani anaita mashetani. Aliyesoma aruudhi hata siku moja atatabasamu: hayo ni matamshi ya kupimia mizani ya beti, kama fundi anavyopima ubao kwa shibiri. Kadhi alisikiliza, akawataka ushauri mafakihi, wakaona hakuna hoja ndani yake, na Ibn Firnas akaachiwa. Tunamuombea rehma kadhi yule. Angeliwafuata wapiga kelele, damu ya Muislamu ingelimwagika kwa sababu ya mizani ya shairi.

Ama kuruka kwake, kunatajwa kuwa kiasi cha mwaka 875, naye ameshatimiza miaka sitini na kitu. Mwenye kuieleza habari hii kwa urefu ni al-Maqqari katika Nafh at-Tib, na yeye alifariki mwaka 1041 Hijria, zaidi ya miaka 700 baada ya Ibn Firnas. Umbali huo si mdogo, na sisi tuliofunzwa kuuliza nani kapokea kutoka kwa nani hatuwezi kuupita kimya. Lakini kuna ushahidi wa mtu wa zama zake. Mu'min bin Said, mshairi wa Qurtuba ambaye hakumpenda hata kidogo, alimtungia beti za kumkejeli kuwa amejivika manyoya ya tai akataka kumshinda ndege wa hadithi za kale kwa kuruka. Hasimu hamzulii hasimu wake sifa, na kwa kejeli yake Mu'min amekuwa shahidi wetu bora. Yale yanayosambazwa kwenye simu, kwamba alikaa hewani dakika kumi kamili au kwamba aliruka kutoka mnara wa msikiti mkuu, hatukuyakuta kwa al-Maqqari, na tunawanasihi wasomaji wasiyasambaze.

Kilichopokelewa ni hiki: aliufunika mwili wake kwa manyoya, akajifunga mbawa mbili, akajirusha mahali pa juu mbele ya watu, na akaelea masafa ya kutajika. Kisha akataka kutua. Hapo ndipo palipoharibika, kwani alianguka vibaya akaumia mgongo. Al-Maqqari anaitaja sababu: ndege hutua kwa kutumia mkia wake, naye hakujifanyia mkia.

Watoto wetu wanaorusha tiara ufukweni wanalijua hili bila ya kitabu. Tiara isiyo na mkia huzunguka kama pia, kisha hupiga mbizi. Katika ndege ya kuelea mkia ndio unaoizuia pua isipande mno wala isizame. Njiwa anapokaribia paa, mtazame: huukunjua mkia wote, hujiinua kifua, mwendo ukapungua, kisha hukanyaga taratibu. Ibn Firnas alijiandaa kuondoka, hakujiandaa kurejea.

Sasa tumjibu mzazi. Kuhusu uchawi, hakuna. Hewa ina kanuni alizoziweka Allaah, na mwenye kuzifuata kwa mianzi na turubai si mchawi, kama vile fundi wa ngalawa si mchawi. Kumtuhumu Muislamu uchawi bila ya ushahidi ni jambo zito, na jamaa wanaonong'ona wamche Allaah.

Kuhusu hatari, ndugu mzazi una haki ya kuogopa. Suratul Baqarah, aya ya 195, inatukataza kujitupa kwenye maangamizi kwa mikono yetu. Lakini maulamaa hutazama kipi chenye nguvu zaidi, usalama au madhara. Mvuvi anayetoka na chombo kizima katika hali nzuri ya bahari hakujiangamiza, na anayetoka na chombo kinachovuja katikati ya tufani amejiangamiza. Aliyeruka na chombo kisichojaribiwa kutoka juu ya kilima yuko karibu zaidi na huyu wa pili, na hilo tunaona halijuzu. Ismail bin Hammad al-Jawhari, mwenye kamusi mashuhuri ya as-Sihah, alipanda juu ya msikiti wa Naysabur kiasi cha mwaka 400 Hijria akiwa amejifunga mbao mbili za mlango kama mbawa, akaanguka akafa. Wamesema akili yake ilikuwa imeshaingia wasiwasi. Na Otto Lilienthal wa Ujerumani, aliyekuwa na mkia na mazoezi ya kuruka mara zisizopungua 2,000, alianguka Agosti 1896 na kufariki siku ya pili yake.

Basi kijana asiruke hivi sasa. Ndugu Wright wa Marekani mwaka 1900 walianza kwa kuirusha ndege yao ikiwa imefungwa kamba kama tiara, mara nyingi bila ya mtu juu yake, kisha wakajaribu kwenye vilima vya mchanga huku wakielea karibu na ardhi. Naye na afanye hivyo: gunia la mchanga kwanza badala ya mwili wake, mkia uwepo, mafundi wengine waikague, na awaulize Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania kabla ya yote. Akikataa haya, mzazi ana haki ya kumzuia, na kumtii mzazi katika hili ni wajibu. Wallaahu A'lam.

Ibn Firnas hakufa kwa anguko lile. Aliishi miaka kama kumi na mbili zaidi, akafariki mwaka 274 Hijria, sawa na 887, mwaka mmoja baada ya mtawala wake Muhammad. Hatukusikia kuwa alirudi kuruka mara ya pili, na mbawa zake hazikubaki. Sanamu yake ipo Baghdad, kwenye njia ya kwendea uwanja wa ndege, na tangu mwaka 1976 kuna shimo kubwa upande wa Mwezi usioonekana kutoka duniani linaloitwa kwa jina lake. Watu wa Qurtuba, ambayo Wahispania huiita Córdoba, walifungua daraja lenye jina lake mwaka 2011 juu ya Wadi al-Kabir, mto ule ule aliokuwa akiuona kila siku.