Krystyna Krahelska, muuguzi mwenye uso wa nguva

Mjini Warszawa, kando ya mto Vistula, kuna sanamu ya shaba ya nguva, yule ambaye wachoraji wa Lubumbashi humwita mamba muntu. Ameinua upanga kwa mkono mmoja, na wa pili umeshika ngao. Nguva huyo ni alama ya mji tangu karne nyingi, lakini uso wa sanamu hii ni wa mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa na miaka ishirini na kitu alipokubali kusimama mbele ya mchongaji, Bibi Ludwika Nitschowa. Mchongaji aliugeuza uso kidogo, ili msichana asinyooshewe vidole barabarani.

Krystyna Krahelska alizaliwa mwaka 1914 huko Mazurki, shamba la jamaa yake, katika nchi ambayo leo ni Belarusi. Baba yake alikuwa gavana wa jimbo la Polesie, na binti alisoma sekondari mjini Brest hadi 1932. Polesie ni nchi ya mabwawa, na kwa sisi wa lugha inafaa kusimama hapo kidogo. Katika hesabu ya watu ya 1931, wenyeji zaidi ya 700,000 wa jimbo hilo walipoulizwa lugha yao hawakutaja Kipolandi, wala Kibelarusi, wala Kiukraini: walijibu tu kwamba wanasema lugha ya hapa. Krystyna, binti wa mtawala, alijifunza nyimbo za watu hao, na baadaye akaziimba redioni. Naona mengi yaliyofuata katika maisha yake yalianzia katika nyimbo hizo zisizo na mwenyewe.

Huko Warszawa alisoma jiografia na historia, kisha etnografia, akamaliza mwaka 1939. Sanamu ya nguva ilisimamishwa mwaka huohuo, miezi michache kabla ya majeshi ya Ujerumani kuingia. Mwisho wa mwaka alikuwa tayari ndani ya jeshi la siri, kwa jina la Danuta. Alipeleka barua, alibeba silaha, na hasa alifundisha wasichana kufunga vidonda na kuzuia damu. Kwa muda alifanya kazi ya uuguzi katika hospitali ya Włodawa, upande wa mashariki. Filamu za Polandi kuhusu vita hupenda kuonyesha wauguzi hawa wakikimbia chini ya risasi na mfuko begani. Hazionyeshi sana miaka ile mirefu ya kujifunza jikoni mwa watu, mapazia yamefungwa, mwenye nyumba akisikiliza ngazi.

Januari 1943 vijana wa kikosi cha Baszta walihitaji wimbo wao wenyewe. Krystyna akawatungia maneno na sauti pia. Ni wimbo wa mwendo wa askari, unaowaita vijana wafunge singe kwenye bunduki na kuondoka njia ndefu. Mashairi yake mengine yana huzuni na utulivu zaidi, na mpenzi wa ushairi angeweza kuyapendelea. Lakini wimbo huu ni mwepesi kama zile za Polesie: kiitikio kinakamatwa mara ya kwanza, pumzi inaishia pale mguu unapokanyaga. Ulitoka kikosi kimoja ukaingia vingine, ukawa kati ya nyimbo kubwa za jeshi la siri. Wengi walioimba hawakujua nani ameutunga, na ilikuwa lazima iwe hivyo. Jina la mtunzi chini ya wimbo kama huo lingempeleka kwenye mateso na kifo. Kwa hiyo mwanafunzi wa nyimbo zisizo na mwenyewe akatunga na yeye moja.

Tarehe 1 Agosti 1944, saa 11 jioni, Warszawa iliinuka. Krystyna alikuwa muuguzi wa pelotoni iliyotumwa kushambulia jengo la magazeti kwenye barabara ya Marszałkowska. Humo Wajerumani walichapa gazeti lao la Kipolandi. Magazeti ya namna hiyo wenyeji waliyapa jina la nyoka, kwa kuwa yalitumia lugha yao kuwaambia uongo. Shambulio lilishindwa. Alikwenda kumhudumia mwenzake aliyejeruhiwa, na risasi tatu zikampata kifuani. Alilala uwanjani muda mrefu chini ya risasi kabla ya kuchukuliwa. Alipasuliwa usiku, akafa alfajiri ya tarehe 2, akiwa na miaka thelathini. Aliyewatungia wenzake wimbo wa singe alikufa kwa kazi ya bendeji.

Mapigano yaliendelea siku 63, na wimbo ukiimbwa, bila mtunzi wake. Kisha Wajerumani waliubomoa mji nyumba kwa nyumba. Nguva wa kando ya mto alibaki amesimama.

Krystyna alizikwa kwanza katika bustani ya nyumba alimofia, barabara ya Polna. Aprili 1945 mwili wake ulihamishiwa makaburi ya Służew, upande wa kusini wa mji. Mashairi yake yalikusanywa kitabuni miaka mingi baadaye.